Damu Katika Mizizi ya Maharagwe

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumatano, nilifungua mlango wa nyumba yetu Umoja nikakuta kompyuta inawaka, na mti uliokuwa kwenye kioo chake umefunguliwa tawi ambalo mimi sikulifungua.

Stima ilikuwa imepotea Kariobangi tangu mchana. Kazi yangu ni kufunga upya koili za mota zilizoungua, na bila stima siwezi kuijaribu mota niliyoimaliza, kwa hiyo nilifunga kibanda mapema. Asubuhi nilikuwa nimeacha tawi la binadamu likiwa wazi. Sasa lilikuwa limefungwa. Badala yake ilikuwa imefunguliwa mimea, chini ya mimea jamii ya mikunde, chini ya mikunde soya, na pembeni umbo jekundu lilikuwa likizunguka polepole, peke yake.

Binti yangu wa miaka minane alikuwa amelala kwenye kochi. Kiti kilicho mbele ya kompyuta kilikuwa na joto. Pazia la jikoni lilikuwa likitikisika, na kwenye ngazi za nyuma nilisikia nyayo za mtu anayeshuka bila haraka.

Nyayo hizo nilizijua. Zilikuwa za mama mkwe. Kwetu magharibi mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali meza moja, na mmoja akiingia mwingine hutoka. Vijana wa hapa Umoja husema mambo hayo yaliachwa kijijini. Mama mkwe hakuyaacha, nami sikuwa na sababu ya kumlazimisha. Alikuwa akiishi Huruma kwa mwanawe, na tangu binti yangu aanze kuugua alikuja kila siku nikishaondoka, akaondoka kabla sijarudi. Mwanamke huyo alikuwa ameshinda nyumbani kwangu miezi mingi, na nilichojua juu yake ni harufu ya dawa ya kuchua magoti, vikombe vilivyofunikwa kwa sahani, na sauti ya viatu vinavyoshuka.

Mti ninaoutaja unahitaji maelezo. Binti yangu ana selimundu. Daktari alituchorea chembe ya damu iliyopinda, akasema chanzo ni protini moja, hemoglobini, ambayo ina kipande kimoja kisichofaa. Nilirudi nyumbani sijaridhika. Mtu akiniletea mota na kuniambia imeharibika ndani, mimi huifungua. Nilitaka kuona.

Protini ni mnyororo wa vipande vidogo uliojikunja hadi ukapata umbo lake. Wanasayansi wamepima maumbo mengi sana ya namna hiyo, wakayaweka kwenye hifadhidata iliyo wazi kwa mtu yeyote mwenye mtandao. Anayejua jina la anachokitafuta huliandika na kuingia moja kwa moja. Mimi sikujua kuliandika. Niliingia kwa njia ya uainishaji wa viumbe, ambao umepangwa kama mti: unaanza na makundi makubwa, bakteria, fangasi, mimea, wanyama, ukibofya alama ya kujumlisha tawi linafunguka, na ndani yake mna matawi mengine, hadi unafika kwa kiumbe mmoja na protini zake zote zilizopimwa. Nilikwenda hivyo jioni baada ya jioni, kamusi ya Kiingereza magotini. Nilipofika kwa binadamu na kuifungua hemoglobini ya selimundu, nilikaa nikaitazama hadi chai ikapoa.

Kwa macho yangu zilikuwa koili. Mnyororo umejisokota kama waya, koili zimelaliana, na katikati kuna kisahani chenye atomu moja ya chuma inayoshika oksijeni. Kipande cha sita cha mnyororo ndicho kilichobadilika, nacho kinanata. Hemoglobini ya jirani ina kishimo kinachokitosha. Zikishaiachia oksijeni, moja inamshika mwenzake, mwenzake anamshika mwingine, zinakuwa nyuzi ngumu, na nyuzi zinaipinda chembe. Waya mmoja ukichubuka vanishi inayoufunika ukagusa wa jirani, mota nzima inaungua. Hilo halikunishangaza. Nilichokuwa sijakizoea ni utulivu wa kile kitu kikizunguka pale kwenye kioo, hakina haraka, kama kinachongoja kutambuliwa.

Mama mkwe alikuwa na maelezo yake. Kwao mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile analolinyamazia ndilo lake. Nilikuwepo siku ya binti yangu. Alilia kwa jina la nyanya mzaa babu, akalia kwa la shangazi, na lilipotajwa la mdogo wake mke wangu alinyamaza kama redio iliyozimwa. Huyo mdogo wake mke wangu alikufa kabla ya kuanza shule, akilia mifupa. Kabla yake jina hilohilo lilikuwa la mtoto mwingine wa ukoo, na huyo pia alikufa mdogo, akilia mifupa.

Kwa hiyo daktari alipotaja selimundu, mama mkwe alisikia jina jingine. Tangu siku hiyo hakumwita binti yangu kwa jina lake. Alimwita mgeni. Njoo unywe uji, mgeni. Umelala vizuri, mgeni? Alitaka ampeleke nyumbani, jina liondolewe kwa kondoo na maombi ya kukesha, na dawa ya hospitali iachwe kwanza, kwa kuwa mtu anayevuliwa jina haruhusiwi kuwa na kitu cha kigeni mwilini. Daktari alikuwa ametuonya: asiachishwe vidonge, asipigwe na baridi, asikose maji. Safari ile ingeyavunja maonyo yote matatu. Nilijua inaweza kumuua.

Nilimwambia mke wangu hivyo hivyo.

"Ni mama yangu," alisema. "Amezika wawili wenye jina hilo. Wewe umezika nani?"

Nilirudi kwenye kompyuta.

Jumatano ile, binti yangu alipoamka, nilimuuliza kama ni yeye aliyefungua soya.

"Ni nyanya. Mimi nabonyeza tu. Yeye anasema, fungua hapo, fungua hapo, rudi nyuma."

"Anatafuta nini?"

"Nani alizaa nani. Anasema huo mti wako ni ukoo, umeandikwa vibaya lakini ni ukoo." Alicheka. "Nilimwambia nyanya, soya haijazaa mtu. Akasema, umeiuliza?"

Alhamisi nilikuta limefunguliwa tawi la minyoo. Siku iliyofuata, la wadudu wadogo ambao mabuu yao mekundu huishi kwenye maji yaliyosimama. Mtaro wetu huwa nao baada ya mvua. Kila mahali alipokuwa amesimama palikuwa na umbo lile lile: koili zilezile, zimelaliana vilevile, kisahani kilekile cha chuma. Mimi nilikuwa nimetafuta miezi kadhaa na sikuwahi kutoka kwenye tawi la binadamu. Yeye, ambaye hajui Kiingereza, alikuwa akifuata rangi na umbo kutoka kiumbe hadi kiumbe kama mtu anayefuata harufu ya moshi. Nilianza kurudi nyumbani nikiwa na hofu ndogo ya kufungua mlango. Nilijikuta napiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Jumatatu niliikuta hemoglobini ya tembo wa kale, yule mwenye manyoya marefu wa zama za barafu, ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumwona.

"Baba," binti yangu alisema, "nyanya anauliza, kama alikufa zamani hivyo, damu wameitoa wapi?"

"Walisoma mabaki ya vinasaba yaliyokuwa kwenye mifupa. Wakayaandika upya maagizo ya kuitengeneza damu yake, wakayatia ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza."

Alifikiri. "Kwa hivyo walimwita, akaja?"

"Hakuja. Imekuja damu tu."

"Ndivyo nyanya alivyosema. Alisema, hawa wamemwita."

Niliona ni wakati wa kuweka mambo sawa. Kwa kuwa siwezi kukaa naye na kumweleza, nilimpa binti yangu maneno ya kumfikishia. Mwambie nyanya, nilisema, hakuna cha kutisha. Damu ni ufundi wa zamani, viumbe wengi wanautumia. Hata maharagwe yaliyopandwa kwenye makopo hapo kibarazani yana yake. Ang'oe mche, atazame vinundu vidogo kwenye mizizi, avipasue. Ndani ni vyekundu. Ndivyo maharagwe yanavyoshika hewa ya kujilisha.

Nilijivunia maelezo hayo. Yalikuwa sahihi, na yalikuwa mafupi.

Kesho yake nilirudi kwa saa yangu ya kawaida. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Kibarazani makopo yote yalikuwa matupu, udongo umekung'utwa na kurundikwa pembeni, na miche ya maharagwe ilikuwa imelazwa juu ya gazeti, vichwa vyote upande mmoja, kama watoto wanaolazwa kitanda kimoja. Kila kinundu kilikuwa kimepasuliwa kwa wembe. Nyekundu ilikuwa imeanza kugeuka kahawia, kama kidonda kinachokauka. Kulikuwa na harufu ya mvua, na mvua haikuwa imenyesha.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Udongo huu," alisema, "unajua mama aliuchimba wapi?"

Nilijua tu kwamba aliuleta kutoka kijijini kwao kwenye gunia, kwa sababu anaamini udongo wa Nairobi ni vumbi la mawe.

"Nyuma ya jikoni, kwenye migomba. Karibu na mdogo wangu."

Ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa kama nimemtia wembe mkononi mama aliyezika mtoto, nikamwambia apasue kitu kilichoota kwenye udongo wa kaburi la mtoto wake, na kitu hicho kilikuwa na damu.

Kando ya mlango kulikuwa na mkoba wa nguo za binti yangu, umefungwa. Vidonge vyake vilikuwa vimebaki juu ya kabati. Halafu nikaisikia harufu ya dawa ya magoti, nikatambua kwamba pazia la jikoni halitikisiki. Kwa mara ya kwanza mama mkwe hakuwa ameondoka.

"Mgeni," sauti ilisema nyuma ya pazia, "mwambie baba yako ameona."

"Baba, nyanya anasema umeona."

"Mwambie nimeona."

"Nimemsikia, masikio yangu si ya mbao. Mwambie kesho alfajiri tuko kwenye basi. Na mwulize huyo fundi wa waya, damu ya mtoto wangu inafanya nini ndani ya maharagwe yake."

"Mwambie nyanya si damu ya mtoto. Ni ya maharagwe yenyewe."

Nyuma ya pazia kulitoka kicheko kikavu. "Mwambie nimepika maharagwe tangu kabla baba yake hajajua kufunga kamba za viatu. Kama yangekuwa na damu ningeionja."

Binti yangu alicheka, akaniangalia kama naruhusu. Nilikaa sakafuni, mgongo ukiwa kwenye ukuta wa jikoni, ili nisije nikaona ndani upepo ukilisogeza pazia. Nilifikiri kama ninavyofikiri mota inapokataa: nibadilishe kitu kimoja tu, vingine niviache vilivyo. Kitu hicho kilikuwa udongo.

Jirani wa chini, mama Mkamba ambaye mume wake huchonga vinyago, hupanda maharagwe kwenye magunia nje ya mlango wake. Nilimwomba mke wangu aende akaombe mche mmoja. Nilimsikia jirani kutoka huko chini, hana siri.

"Fundi anataka kung'oa maharagwe yangu yakiwa na maua? Kwani kwenu hakuna mboga?"

"Ni mmoja tu, dada. Atakufungia ile mota ya blenda."

"Ile ya tangu Krismasi? Basi ang'oe ule uliokonda. Na asirudi kesho kutaka kuku."

Mke wangu alirudi na mche unaodondosha udongo. Binti yangu aliupitisha chini ya pazia. Tulisikia maji, kisha wembe ukikwaruza sahani. Chini mtu alikuwa akimwita mtoto aoge, na wito huo ulirudiwa mara nyingi kabla mama mkwe hajasema.

"Huyu mwanamke ni wa wapi?"

"Machakos, mama," mke wangu alijibu.

"Amefiwa na mtoto?"

"Hapana. Wote wako shule."

"Udongo wake?"

"Aliununua kwa mtu wa mkokoteni."

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumalizia: kwamba basi hakuna mtu aliyeingia kwenye maharagwe, kwamba mambo haya yana sababu. Sikupata nafasi ya kuyasema.

"Basi wako kila mahali," mama mkwe alisema.

Hakumtumia mjukuu wake kulipitisha neno hilo. Aliniambia mimi, moja kwa moja, kupitia kitambaa. Nilitazama makopo matupu, kioo cheusi cha kompyuta, mtoto wangu aliyekaa kati yetu akichezea ukucha, na sikuweza kusema kwamba amekosea. Kila nilichokuwa nimemwonyesha kilisema hivyo.

Baada ya muda aliuliza tena, sasa kwa njia ya kawaida. "Mgeni, mwulize baba yako. Kama wako kila mahali, kile kidonge cha hospitali kinafanya nini?"

Nilijibu polepole ili binti yangu asipoteze neno.

"Mwambie nyanya, mtoto akiwa tumboni huwa na damu nyingine. Si hii. Ina umbo lake, na haishikani. Akishazaliwa mwili unaiacha kidogo kidogo, unaanza kutengeneza hii ya ukubwani, na ndiyo yenye kasoro. Kidonge kinaukumbusha mwili ile ya kwanza. Kikimezwa kila siku, mwili unaitengeneza tena kiasi, na hicho kiasi kinazizuia nyingine kushikana."

"Ile ya tumboni," mama mkwe alisema.

"Ndiyo."

"Ya kabla ya kulia. Kabla hatujamtajia mtu."

Mke wangu alinitazama. Mimi nilikuwa nimesema habari za protini. Lakini nilipoyapitia maneno yake moja moja, sikuona neno la kusahihisha.

"Ndiyo," nilisema. "Kabla."

"Anionyeshe."

Niliiwasha kompyuta, nikafungua mti tawi kwa tawi hadi kwa binadamu, nikaifungua hemoglobini ya mtoto aliye tumboni. Niliivuta meza hadi kwenye pazia, nikageuza kioo, nikageuza uso wangu kuelekea dirishani. Kwa pembe ya jicho niliuona mkono ukitoka, wa kahawia, vidole vimepinda, mkono ambao kwa miezi yote hiyo ulikuwa umefunika vikombe vyangu. Kidole kiligusa kioo, kikafuata koili moja hadi mwisho wake.

"Ina jina?"

"Ina alama nne, tarakimu na herufi. Jina la mtu hakuna."

"Wamefanya vizuri," alisema. "Hata huko wanajua."

Mkono ulirudi ndani. Nilisikia akisimama, magoti yakilia, na mlango wa nyuma ukifunguka. Kabla ya kushuka alisema, "Mgeni, kidonge chako cha leo umekunywa?"

"Bado, nyanya."

"Kunywa. Nasimama hapa hadi nikusikie ukimeza."

Binti yangu alikunywa kwa maji mengi na kufungua mdomo kuelekea pazia, ingawa hakuna aliyeweza kumwona. Nyayo zikashuka.

Hakuna aliyesafiri alfajiri ile. Mama mkwe anaendelea kuja kila siku, na vidonge anavihesabu yeye, mkali kuliko nesi yeyote. Bado anamwita mgeni. Bado anafungua mti. Juzi niliukuta kwenye bakteria wa matopeni, na umbo lilikuwepo huko pia, likizunguka. Sijui anachowaambia anapowakuta. Binti yangu husema huwa anawaamkia tu. Nyumbani hatujapika maharagwe tangu wakati huo, na hakuna aliyekataza.

Mke wangu aliwarudia ndugu zake waliokuwa wamechanga nauli na bei ya kondoo, akawaambia safari haipo. Hawakutaka kurudishiwa pesa hizo, walisema zikae kwa ajili ya dawa za mtoto. Tulizihesabu mezani. Zilikuwa shilingi elfu kumi na tisa na mia sita.